Delbert na Hesabu ya Saba

Katika ukoo wetu wa akina Stiltner, hapa milimani Kentucky, wanawake wana vyeti na wanaume wana migongo mibovu. Msichana akishika namba moja alipigiwa makofi. Mvulana akishika namba moja, aliulizwa kama ana homa.

Binamu yangu Delbert aliacha shule akiwa na miaka kumi na sita, akaingia mgodi wa makaa ya mawe. Mshahara wake wa kwanza uliupita wa mwalimu mkuu, na hakuchoka kutukumbusha. Akamwoa Oleta, aliyekuwa akisomea uuguzi. Miaka nenda rudi nyumba yao ilikuwa hivyo: mke anasoma mezani, mume anakoroma kwenye kochi.

Kisha mgodi ukafungwa. Delbert, na miaka yake arobaini na tisa, akaenda kuomba kazi ya kuendesha basi la shule. Karani, binti anayetafuna chingamu, akamwomba cheti cha sekondari.

"Nimeendesha mtambo mkubwa kuliko nyumba hii," Delbert akasema.

"Hongera, mzee. Cheti?"

Oleta aliposikia alicheka hadi akamwaga maharage. Kesho yake akampeleka mwenyewe kwenye darasa la watu wazima, kwenye chumba cha chini ya kanisa. Mimi nilikuwa nimeshakaa humo miaka miwili, na tafadhali tusilizungumze hilo. Tulikuwa wanaume kumi na mmoja na mama mmoja aliyeacha shule kulea mapacha. Yule mama alimaliza kwa wiki sita, akatuaga kwa adabu, akatuacha tunatazamana kama mbuzi sokoni.

Mwalimu alikuwa Twila Ratliff, aliyekaa dawati moja na Delbert utotoni.

"Delbert Stiltner! Bado unanakili kazi za watu?"

"Nilikuwa nazikagua tu, Twila."

"Humu ndani mimi ni Mwalimu. Na vua hiyo kofia."

Siku ya jaribio la insha akatupa swali: kwa nini wasichana hufanya vizuri shuleni kuliko wavulana? Mimi nilijaza kurasa mbili nikiwalaumu walimu. Delbert aliandika sentensi moja: "Kwa sababu wao walikaa chini wakasoma." Akakunja mikono.

Twila akaisoma akiwa amesimama nyuma yake. "Sentensi nzuri. Insha iko wapi?"

"Ndiyo hiyo, imeisha."

"Haya, na wewe nani alikukataza kukaa?"

Nilingoja mzaha. Haukuja. Delbert alivuta karatasi nyingine, akaandika mpaka taa za ukumbini zikaanza kuzimwa.

Aliandika kwamba akiwa darasa la sita alisoma haraka kuliko wote, mwalimu akampa zawadi ya kitabu cha wanyama. Akakipeleka nyumbani anakimbia. Baba yake alikuwa barazani na ndugu zake wanakunywa bia. Akakigeuzageuza kile kitabu, akasema, "Jamani, tumepata binti mwingine." Walicheka wiki nzima. Delbert akakitupa kitabu mtoni, na tangu siku hiyo akaanza kunakili kwa Twila, ijapokuwa majibu alikuwa anayajua.

Twila alipomaliza kuisoma alivua miwani. "Yaani miaka yote hii nakuona mwizi, kumbe ulikuwa unaigiza?"

"Hesabu mbili ulikosea, Mwalimu. Nikazinakili hivyohivyo."

"Zipi?"

"Ya saba na ya kumi na moja."

"Mwongo wewe!" Lakini alikuwa anacheka, na macho yamelowa.

Mtihani wenyewe alifaulu mara ya kwanza. Kazi ya basi ilikuwa imeshachukuliwa, basi Oleta akamletea fomu ya mafunzo ya uuguzi. Mjomba Virgil alipopata habari alipiga paja. "Sasa utavaa sketi, mpwa wangu?"

"Mjomba, mgongo wako huo nani anakukanda? Si wewe ulimlilia nesi Jumanne?"

Kwenye darasa lake la uuguzi walikuwa wanawake kumi na wanane na yeye. Alimaliza wa kumi na nne, na Oleta akayabandika matokeo kwenye friji wageni wote wayaone.

Sasa yuko wodi ya wachimbaji wazee wenye mapafu mabovu. Anawageuza kitandani kama magunia ya viazi, huku wengine wakidai waletewe "nesi wa kweli". Baba yake naye yuko humo, kitanda cha dirishani. Mzee hajasema samahani, na nadhani neno hilo halijui. Ila kila asubuhi huuliza kama Delbert yuko zamu. Akiambiwa hayupo, hugoma kunyolewa na huwatukana manesi wote, mmoja mmoja, kwa majina.