Siku Ngoma Iliponiponyoka

Nakumbuka Jumamosi moja ya msimu wa mavuno, nikiwa na miaka ishirini na minne, ngoma iliponiponyoka mbele ya ukoo mzima. Tulikuwa nyumbani Gulwe, tukifanya mazoezi ya harusi ya mdogo wangu Neema, iliyobakiza wiki sita. Sisi Wagogo ngoma ya muheme ni ya wanawake: unaibana kwa mapaja, unaipiga kwa viganja. Mpigaji mkuu nilikuwa mimi. Siku hiyo wimbo wa kwanza haukuisha. Pumzi ilinikatika, ngoma ikabingirika hadi kwa kuku.

"Jamani, ngoma imeomba likizo!" akasema binamu yangu, na kina mama wakacheka hadi wakashikana mabega.

Nilicheka nao, mwanangu, lakini moyoni nilishaamua kumwambia Neema atafute mpigaji mwingine. Shangazi Yunisi, dada mkubwa wa baba, akanifuata nyuma ya jiko.

"Unakimbia nini?"

"Nimenenepa, shangazi. Kuanzia kesho sili."

"Sijakuuliza unene. Asubuhi unakula nini?"

"Sili."

"Mchana?"

"Sili. Ofisini wananiita bonge."

"Haya, na jioni unakula na nani?"

Hapo ndipo palipokuwa na siri. Wakati huo nilikuwa mpiga chapa Dodoma mjini, nimepanga chumba mtaa wa Area D. Karibu kila jioni nilinunua chipsi na mfuko wa maandazi, nikafunga mlango, nikala mbiombio bila hata kusikia ladha, nikaendelea hata tumbo likiuma. Kisha aibu, kisha kiapo kwamba kesho nitafunga. Kesho ikawa vilevile. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nami nilikuwa nimeficha kwa bidii zote. Nikamweleza shangazi yote, nikilia.

Hakunikemea kwa kula. Alinikemea kwa kushinda na njaa.

"Mbuzi uliyemfunga kutwa bila majani," akasema, "ukimfungulia jioni hachagui shamba la mtu. Utampiga mbuzi? Kosa la aliyemfunga."

Jumatatu alipanda treni nami hadi mjini, akanipeleka kwa muuguzi. Muuguzi alinipima uzito, akazungusha utepe kiunoni, akauliza ninavyolala na kinachonihuzunisha. Shangazi naye akapanda mzani. "Nami nipime, nikiolewa tena mahari ihesabiwe kwa kilo!" Muuguzi alicheka hadi akaweka kalamu chini. Akanipangia siku za kurudi, akasisitiza nisiruke mlo.

Basi nikaanza uji asubuhi, ugali na mlenda mchana, na jioni nikala na mama mwenye nyumba na wanawe, kwenye sinia moja, kwa maongezi. Sitakudanganya: kilo zilizopungua zilikuwa chache. Jioni mbili nilirudia kujifungia. Asubuhi yake nilikunywa uji kama kawaida, maana kuteleza si kuanguka.

Siku ya harusi nilipiga nyimbo tatu, nikampa binamu ngoma, nikapumzika, nikarudi. Nilikuwa bado mnene, na Neema alicheza hadi kiatu kikamtoka.

Nakuandikia haya kwa sababu nawaona vijana wa ofisi za serikali kule Mtumba. Asubuhi chai kavu, mchana soda, jioni bodaboda analeta chakula cha watu watatu kwa mtu mmoja. Mwanangu, kabla hujauliza mzani, jiulize: nakula saa ngapi? Nakula na nani? Kuna ninachoficha? Mwili usiuadhibu kwa njaa, utalipiza. Tembea, cheza, lala vya kutosha. Ukiona unakula na huwezi kuacha, mwambie mtu unayemwamini, kisha nenda kituo cha afya mapema. Kuuliza si ujinga. Na mwenzako usimwite bonge, hata kwa utani, hujui anabeba nini akifunga mlango.

Mungu akupe mkono wa kiasi na kicheko mezani. Akupe watu wa kula nao, na asikuache ule aibu yako peke yako. Amina.