Mama Aliahidi Foleni Itapungua

Harufu ya vumbi la Voi likiguswa na maji hunirudisha kwenye mfereji wa mtaa wetu wa Kaloleni, kiangazi kile nilipokuwa darasa la sita. Maji yalikuja alfajiri, yakakatika kabla jua halijawa kali, na sisi wasichana ndio tuliotumwa kupanga mitungi. Tulikuwa wengi ajabu. Nyumba nyingi za wafanyakazi wa reli zilikuwa na watoto saba, wanane, nasi tulisukumana na kutupiana maneno huku akina mama wakitufokea kutoka kivulini. Nilipenda msukumano ule, Mungu anisamehe, maana shoga zangu wote walikuwa hapo.

Mama yangu alijitolea kliniki, akifundisha kupanga uzazi. Alikuwa na mdomo. Alikuwa akisimama kando ya foleni na kuwaonyesha wenzake sisi watoto. "Mnawaona hawa? Zaeni wawili, watatu, mfunge duka. Hawa wakikua, hii laini itakuwa fupi, mtachota maji mkiimba." Walicheka. Mama Atieno, jirani yetu wa mlango kwa mlango, hakucheka. Alikuwa na wasichana wawili, na mumewe alitaka mvulana. Kiangazi kile chote Mama alimfuata jikoni kwake, akimbembeleza, mpaka akakubali kuchomwa sindano ya kuzuia mimba. Mumewe alinuna, kisha akahamia Maungu kwa mwanamke mwingine, na hakurudi.

Mama alisikilizwa, na hilo ndilo linaloniuma. Mimi nina wawili, Atieno ana wawili, na shoga zetu karibu wote hawakupita watatu. Lakini sisi tulikuwa tumeshazaliwa. Kila mama alikuwa ameleta duniani wasichana watatu, wanne, na wote tulifika umri wa kuzaa kwa wakati mmoja. Tulizaa wachache kila mmoja, lakini tulikuwa wengi mno, na watoto wetu wakawa wengi kama tulivyokuwa sisi, au zaidi. Nasi bado tupo, na mama zetu wapo, wote tunataka maji. Mtaa umefurika hadi ng'ambo ya reli, na mfereji ni uleule.

Mwaka huu kiangazi kimekaza tena. Nilipokuja kumwona Mama nilimkuta mlangoni, akitazama mitungi iliyopangwa hadi kuipita nyumba yetu. Mama Atieno alikuwa kwenye foleni, mgongo umepinda. Atieno ameolewa Kishushe, mdogo wake alifariki, kwa hiyo mama yao anachota mwenyewe. Alipofika mbele yetu hakusalimia.

"Mama Rose, laini yako ndiyo hii," alimwambia Mama. "Ningekuwa na kijana wangu, si angenichotea?"

Mama, yule ambaye hakuna aliyewahi kumnyamazisha, aliinamisha kichwa. Nilipokuwa mtoto foleni ile ilikuwa ndefu na tuliamini itaisha. Leo ni ndefu zaidi, na mimi ninayejua sababu yake sina la kumfariji mtu. Tulipoingia ndani nilijaribu hata hivyo.

"Hukukosea, Mama. Itapungua, ila mpaka sisi tuliokuwa watoto tuzeeke na tuondoke."

"Kwa hiyo mimi sitaiona."

"Hapana, Mama. Hata mimi sijui kama nitaiona."

Alifuta macho kwa ncha ya leso.

"Basi usimwambie Mama Atieno," alisema. "Akijua nilisema kweli, atamlaumu nani?"