Mtani Alisema Gari Limekufa Maji

Mjukuu wangu alianza ufundi na bisibisi moja, hapo mtaani Gongoni. Ncha anaigusisha injini, mpini anauweka sikioni, anakwambia gari linaumwa wapi. Leo anaagiza magari Japani kwa kutazama picha kwenye simu. Na kila linalofika Tabora, kabla mnunuzi hajapewa ufunguo, mimi ndiye ninayeketishwa kwanza kiti cha nyuma, nalibariki. Najivunia, sifichi.

Lile jeupe lililetwa toka bandarini na dereva Mzaramo. Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu wazee wetu walipobeba mizigo ya misafara kwenda pwani. Mtani hata msibani anakutukana, nawe unacheka.

"Bibi, nimewaletea maiti," akasema akishuka. "Hili limekufa maji. Toeni sanda."

"Utazikwa nalo wewe, mla nazi."

Ua mzima ukacheka. Mnunuzi, katekista wa Kaliua, alicheka na mkewe. Mjukuu wangu naye alicheka. Siku hiyo bisibisi hakuigusa.

Nikaingia kubariki. Mimi nina mwili, mkanda niliuvuta mpaka ukagoma. Kule mwisho, wasikofika wembamba, palikuwa na tope. Si jekundu la kwetu. La kijivu, linanuka samaki. Nikalifuta kwa khanga, nikanyamaza, maana watu walishaanza vigelegele.

Katekista na mkewe walipoondoka nalo tu, harufu ile ikanikaba. Nikamwita mjukuu, nikampa khanga ainuse.

"Umelitoa wapi, bibi?"

"Kwenye mkanda."

"Basi kweli lilizama majini," akasema. Akapiga simu ya katekista, haipatikani. Akapiga tena. Akabeba sanduku lake la zamani la spana, akawafuata.

Tukabaki mimi na mtani, ugali wake unapoa.

"Breki zilinigomea mara mbili njiani," akasema. "Niliwaambia."

"Uliyasema kwa mdomo ule ule wa utani."

"Kwani nina mwingine?"

Nikaiweka simu yangu kando ya sahani yake, tukawa tunaitazama.

Mjukuu wangu aliwakuta wamepita Urambo, pua ya gari imezama mtaroni. Wazima. Akampa mke wa katekista mkono amtoe. Yule mama akautazama ule mkono, akajitoa mwenyewe.

Mzaramo bado anatuletea magari. Akishuka akifungua mdomo, hacheki mtu mpaka mjukuu wangu avute mikanda yote.