Dirisha la Maji

Hata sasa nikisinzia mchana huyaona yale madirisha: ya kijani, yakielea kwenye kioo cheusi cha kompyuta, moja likilala juu ya jingine kama vitenge kwenye meza ya muuzaji wa soko la Kamalondo. Nilikuwa mwanamke pekee katika chumba cha kompyuta cha mgodi, na kazi yangu ilikuwa kuiambia mashine dirisha lipi likae juu, lipi lisubiri chini.

Programu ile ilikuwa ya ofisi ya pampu. Maji yakipanda shimoni, dirisha la hatari lilipaswa kufunguka mbele ya karani. Yaya wangu, kaka niliyemfuata kuzaliwa, alifanya kazi huko shimoni.

Mkurugenzi alitaka picha ya Rais nayo iwe na dirisha lake, juu ya yote, kama ilivyotundikwa katika kila ofisi. "Mukubwa habamufunikake, Citoyenne," aliniambia, akiniita raia kwa Kifaransa kama serikali ilivyotuamuru. Heshima si utumwa, nikajisemea, nikaandika: kila dirisha jipya likifunguka, picha ipandishwe tena mbele. Mistari mifupi, safi. Nilijivuna nayo, mpumbavu mimi.

Wiki ya pili maji yakapanda. Dirisha la hatari lilifunguka kama nilivyoagiza, na picha ikapanda juu yake kama nilivyoagiza. Karani alikaa akitazama uso wa Rais. Pampu ziliwashwa baada ya mchimbaji mmoja kupanda ngazi akipiga kelele.

Alasiri yaya alikuja kwangu, viatu vikichuruzika. Nikamwekea bukari, ugali wetu. Hakuigusa.

"Njo weye uliweka ile foto pa yulu?"

"Ni miye, yaya."

Akaweka mkono kifuani. "Mayi ilifika hapa."

Niliona haya, nikashindwa kumtazama.

Kesho yake nikabadilisha mstari mmoja: picha juu ya yote, isipokuwa dirisha la maji. Nikamwita mkurugenzi mwenyewe, nikalifungua. Likaifunika picha taratibu, kutoka kofia hadi kola. Watu walikuwa wakifukuzwa kazi kwa kosa dogo kuliko hilo, na wenzangu wote wakainamia meza zao.

"Citoyenne, unatia nini pa yulu ya kichwa ya Rais?"

"Mayi, Patron. Yaya yangu anatumikaka mule."

Mwanga wa kijani ulimchezea usoni. Kisha akaenda kufunga mlango, akarudi, akaketi kando yangu.

"Fungula tena, nione," akasema kwa sauti ya chini. "Mutoto yangu naye anashukaka mule."