Barnabé Tshimanga na Ngazi ya Mbele

Mtu akikuambia kwamba Barnabé Tshimanga wa Kapata, mtaa wetu wa Kolwezi, aliitembelea Luanda mwaka wa hamsini na sita, usibishane naye. Meli ilifika Luanda, na Tshimanga alikuwamo. Muulize tu alikanyaga wapi. Nilikuwa jirani yake miaka kumi na moja, ukuta wangu ndio ukuta wake, na habari hii nimeisikia kwake na kwa mkewe Ngalula. Najua ni yupi kati yao aliyerudi na mchanga miguuni.

Tshimanga alikuwa karani wa bohari la kampuni ya migodi, mtu wa kugawa nyundo na taa kwa wachimbaji kila asubuhi. Hakunywa pombe, hakumpiga mkewe, na misa hakuikosa. Watu wa Kasai wenzake walimheshimu, na hata mimi Mwenze, Mluba wa kaskazini nisiyependa kusifu, nilimheshimu. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja, na ugonjwa wenyewe ulikuwa kadi.

Siku hizo serikali ya Wabelgiji ilitoa kadi kwa watu walioitwa évolués, yaani walioendelea. Kadi ilisema kwamba mwenye nayo amefanana na Mzungu kiasi cha kutosha. Ili uipate, kamati ilikuja nyumbani kwako kutazama kama una uma na visu, kama choo chako kina mlango, kama mkeo anakaa mezani pamoja nawe. Walifunua hata masufuria. Sisi tuliona ni jambo la kawaida mtu mzima kufunuliwa masufuria yake, tena aliyefunuliwa tulimwonea wivu. Nikikumbuka nasikia hasira, na hasira yenyewe ni juu yangu pia.

Kwa Tshimanga walikuja mara ya kwanza mwaka wa hamsini na tano. Alikuwa ametandika meza, uma sita kwa watu wawili. Ngalula hakuwa mezani. Walimkuta uani nyuma ya jiko, amekaa kwenye kigoda, anakula bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya mihogo kwa mkono wake. Alipowaona alifanya kama alivyolelewa: aliwakaribisha, akamsogezea mkubwa wao bakuli la maji anawe. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Mume anafaa, mke bado, waombe tena mwaka ujao.

Tangu siku hiyo Tshimanga alimtazama mkewe kama mtu anavyotazama mzigo uliomchelewesha treni. Alimpeleka kwa mama Fidélie, mwalimu wa wanawake, akafundishwe kushika kikombe. Kisha akapiga marufuku mlango wa nyuma.

"Bantu ya kadi banaingiaka na mulango ya mbele," alimwambia, na sisi tulisikia kupitia ukutani.

"Na kuni je, Tata Kanku?" aliuliza Ngalula. Tata ni baba, na Kanku alikuwa binti yao, ameolewa Jadotville.

"Na kuni."

Basi kuni za Ngalula zikapitia sebuleni, juu ya zulia.

Mwaka uliofuata kampuni ilifanya mashindano ya nyumba safi kuliko zote Kapata. Ngalula alipaka mawe chokaa, akapanda maua mbele na kabichi nyuma, akafagia ua mpaka kuku wakaona haya kuchakura. Alishinda. Cheti kiliandikwa jina la Barnabé Tshimanga, na zawadi ilikuwa safari ya mume na mke: treni mpaka Lobito, meli kupitia Luanda mpaka Matadi, kisha Léopoldville, na kurudi nyumbani kwa mto na reli. Pamoja na cheti alipewa barua ya Kifaransa yenye muhuri, inayosema kwamba yeye ni mtu mwenye tabia njema. Barua hiyo aliishonea mfuko maalum ndani ya koti.

Padri akamwongezea moto. Alimwambia kwamba atakaporudi atatoa mazungumzo kuhusu safari yake mbele ya klabu ya évolués, kama ilivyokuwa desturi kwa kila aliyetoka mbali, na kamati ya kadi itakuja kusikiliza. Akizungumza vizuri, na mkewe akikaa vizuri, kadi ni yake. Kwa hiyo Tshimanga hakwenda Luanda kutembea. Alikwenda kutafuta maneno ya kusema atakaporudi.

Treni ilipita Kasaji, mahali alipokulia Ngalula, maana baba yake alifanya kazi ya reli. Kina mama Wachokwe walikuja dirishani na mihogo na asali, na Ngalula akaongea nao lugha yao akicheka. Tshimanga akavuta pazia.

Meli ilifunga Luanda saa mbili asubuhi, nayo ingeondoka saa kumi alasiri. Ilikuwa na ngazi mbili za kushukia. Ya mbele ilikuwa ya Wazungu na wale ambao Wareno waliwahesabu hivyo. Ya nyuma ilikuwa ya wenyeji na wapagazi: unaonyesha tiketi, unapewa kikaratasi, unashuka, hakuna anayekuuliza kitu. Mji ulikuwa pale pale, na kengele zake zilisikika mpaka juu ya meli.

Tshimanga alikwenda ngazi ya mbele. Alivaa suti nyeusi, tai, na kofia ngumu nyeupe ya Kizungu. Ofisa Mreno aliipokea barua, akaigeuza juu chini, kwa kuwa Kifaransa hakukijua, akamrudishia na kumwonyesha nyuma kwa kidole. Tshimanga alidhani hajaeleweka. Akarudia polepole. Ofisa akaonyesha nyuma tena.

"Twende na ile ingine, Tata Kanku," alisema Ngalula. "Muji iko pale."

"Kama minashukia kule nyuma, njo nimekubali mi ni sawa na babeba-mizigo. Nitashukia hapa."

"Na kama batakatala?"

"Batasoma barua."

Ngalula alingoja mpaka chuma cha meli kikaanza kuunguza nyayo. Kisha akachukua kikapu chake. Tshimanga akamwambia akae. Naye akamjibu neno ambalo nadhani alikuwa amelibeba tangu siku ya bakuli la maji: "Ya kukala nilikala Kapata. Hapa minaenda kuona."

Akashuka nyuma pamoja na wapagazi. Hapo gatini alimsikia mama mmoja, muuza samaki, akimkaripia mwenzake kwa Kichokwe, Kichokwe kile kile cha Kasaji. Akamsalimia. Dakika tano baadaye walikuwa wameshika kikapu kimoja wawili, huyu upande huu, yule upande ule, wanapanda njia za mawe za mji ule wa zamani. Aliona makanisa yenye milango mirefu kuliko behewa, na nyumba zenye baraza za chuma juu juu, na wanawake waliofunga vitambaa viwili kichwani kimoja juu ya kingine. Mwisho walipanda kilima, kwenye ngome iliyojengwa karne nyingi kabla Kolwezi haijawa na nyumba hata moja, kwa sababu yule mama alikuwa akipeleka samaki jikoni kwa askari.

Waliingia kwa mlango wa jikoni. Ndani Ngalula aliona kuta zimebandikwa vigae vya buluu vyenye picha za wanyama na mashua. Juu ya ukuta wa nje aliona bahari, akaona meli yao, na kwenye meli, penye ngazi ya mbele, aliona kidoti cheupe kimesimama peke yake. Ilikuwa kofia ya mumewe.

"Nilimusikilia huruma, Mwenze," aliniambia siku moja. "Nilimusikilia huruma sana. Na nilicheka."

Saa tisa na nusu alirudi na samaki wakavu. Tshimanga alikuwa bado pale pale, midomo imekauka, tai imekaza. Alimwambia tu kwamba ananuka samaki.

Jumapili ya mazungumzo ukumbi ulijaa. Mbele walikaa msimamizi wa serikali na daftari lake, Padri, na mama Fidélie pamoja na wake za wakubwa. Ngalula alikaa wima, kikombe mkononi, kidole mahali pake. Tshimanga alizungumza saa nzima. Alikuwa amekariri kijitabu cha wasafiri alichokiokota melini, na barabara za Luanda alizitaja kama mtu anayetaja ndugu zake. Kama angeishia hapo, kadi ilikuwa mfukoni. Lakini njia ya mwongo ni fupi, naye alitaka kumfurahisha Padri.

"Na juu ya kilima," alisema, "kuko kanisa kubwa kupita yote. Mi na madame tulipanda, tukapiga magoti."

Padri alikuwa amepitia Luanda mara mbili akienda likizo kwao. Aliuliza kwa upole kabisa: "Ile ya juu ya kilima, Barnabé? Na ndani mulionaka nini?"

Tshimanga alitoa leso. Akapangusa uso. Kisha akafanya jambo ambalo sikumwona akilifanya kabla: alimtazama mkewe kama anayeomba. Nami nilisikia uchungu kwa ajili yake, maana nilijua ni miaka mingapi iliyosimama kwenye jibu lile.

Msimamizi akamgeukia Ngalula. Kumbuka kwamba mke ndiye waliyekuja kumpima.

Ngalula aliweka kikombe kwenye sahani yake bila kutoa sauti.

"Kule juu haiko kanisa, mon père, njo ngome ya basoda. Ku ukuta kuko bigae ya bleu, na banyama." Akamtazama mumewe, na naapa alitaka kumwokoa. "Lakini magoti tulipiga. Ku mulango ya kikoni. Samaki ilianguka, tukaiokota."

Padri aliinamisha kichwa, mabega yakamtikisika. "Wewe na Barnabé?"

"Mi na mama ya samaki." Alifikiri kidogo. "Tata Kanku alibakia ku meli. Alikuwa analinda mizigo."

Ukumbi ukacheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Msimamizi akaandika, akafunga daftari.

Barua ya kamati ilifika baada ya wiki mbili. Tshimanga aliifungulia mbele ya nyumba, mimi nimesimama nyuma ya bega lake, na Kifaransa cha darasa la tano kinanitosha. Iliandikwa: mke anafaa, mume bado. Na kwa kuwa kadi ilitolewa kwa jina la mume, hakuna kadi.

Ngalula hakujua kusoma Kifaransa. Alitoka mlangoni na mikono ya unga akauliza wamesema nini.

Tshimanga aliikunja barua mara mbili. "Banasema mi niko tayari," alisema. "Ni wewe njo bado."

Nilitaka kusema. Ngalula akaniangalia, nikanyamaza, maana jana yake nilimwona mama Fidélie ameketi naye uani kwenye kigoda, na Fidélie ndiye aliyeipigia kamati barua zake kwa mashine.

"Pole, Tata Kanku," alisema Ngalula. "Unigojee kidogo. Nitafika."