Anuari na Mayai ya Samaki Mwenye Ndevu

Kama hujamwona mwanaume mzima akisimama mlangoni kwake na kukohoa ili mama mkwe apate nafasi ya kutoka kwa mlango wa nyuma, basi hujafika kwetu Nachingwea. Anuari amekohoa hivyo tangu amuoe mpwa wangu Rukaiya. Ni kijana wa Nandagala, upande wa Ruangwa, fundi wa kuchomelea mageti, na alipooa alihamia ukweni kama desturi yetu inavyotaka. Aliyemkubali ni mimi, mjomba wa binti. Baba wa binti naye alikuwepo siku hiyo; alikunywa chai.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja, hawatazamani usoni, na neno likiwepo linapitia kwa mtu wa tatu. Mtu huyo pia ni mimi. Nimeishia darasa la sita, lakini kwa kufikisha ujumbe hakuna kampuni ya simu inayoniweza, na mimi sikati salio.

Anuari ni mpole hadi anakera. Ukimkanyaga, anakuomba radhi kwa kuweka mguu wake chini ya kiatu chako. Kwa hiyo aliporudi kutoka Dar na dumu la maji amelipakata kama mgonjwa, nilidhani kijana ameokoka au amechanganyikiwa. Ndani mlikuwa na samaki wawili. Tajiri mmoja aliyemchomelea geti alikuwa anahama nyumba, akampa.

Wauzaji wa Dar huwaita pleko. Jamani, mimi nimeona mengi, lakini yule dume aliponigeuzia uso nilirudi kinyumenyume hadi nikakalia beseni la unga. Mdomo uko chini ya kichwa, kama kikombe, anaubandika kwenye kioo na kulamba ukungu wa kijani. Ngozi ngumu kama gome la mti. Na puani ana ndevu! Laini, zenye matawi, kama mizizi iliyong'olewa jana.

Tanki Anuari aliliunda mwenyewe: fremu ya chuma, vioo vya kabati la duka lililofungwa, pembeni kaziba kwa silikoni. Nilimwambia litavuja. Halikuvuja, na nadhani ni kwa sababu nilimtisha. Pampu ya kusukuma hewa ilihitaji umeme, na soketi moja tu iliyokuwa nzima ni ya sebuleni kwa dada yangu Mwanamvua, mama mkwe mwenyewe. Ndipo kikohozi kikazidi. Kuwapa boga, anakohoa. Kubadilisha maji, anakohoa. Wageni walidhani kijana ana kifua.

Alichokitaka ni watoto. Watu walimcheka sokoni, samaki asiyeliwa unamzalisha wa nini? Yeye na shughuli yake. Alilaza kipande cha mwanzi ndani ya tanki, kilichozibwa upande mmoja, akawa anaongeza maji ya baridi kidogo kidogo ili wadhani mvua imenyesha. Wakakaa tu. Misimu ya korosho ikapita. Halafu asubuhi moja akaja kwangu mbio, miguu peku.

"Mjomba, wametaga!"

Nikaenda kuona. Ndani ya mwanzi mlikuwa na kishada cha mayai ya rangi ya chungwa, na juu yake amelala yule dume mwenye ndevu, anayapepea kwa mapezi bila kupumzika.

"Jike yuko wapi?"

"Kafukuzwa. Kwa hawa, mjomba, anayelea ni baba. Asipoyapepea yanaoza."

"Acha uongo wako wa Nandagala," nikamwambia. Lakini nilitazama hadi shingo ikaniuma.

Kesho yake akaitwa Ruangwa kufunga geti. Alimwambia Rukaiya kwamba ule mwanzi usiguswe. Rukaiya akaenda kwenye msiba Mtua. Mama mkwe hakuambiwa na mtu, na mimi sikutumwa.

Sasa, dada yangu Mwanamvua amezalisha nusu ya mtaa huu kwa mikono yake. Mwanamke akijifungua, yeye ndiye anayekaa mlangoni, na mwanaume hapiti hapo, awe mume, awe mwenyekiti wa kijiji. Jioni hiyo mimi nimekaa kibarazani na kikombe cha chai, Anuari akatokea na begi la vifaa begani. Akakohoa.

Mlango wa nyuma haukulia.

Akakohoa tena, kwa nguvu. Sauti ya dada ikatoka ndani, ikija kwangu:

"Hasani! Mwambie mkwe wangu humu mna mzazi. Wanaume hawaingii."

"Mzazi gani, dada?"

"Wa humu kwenye kioo. Yule baba mtu hana haya! Kalala chumba cha uzazi, mwenzie kamtupa pembeni. Nimemtoa kwa chujio nikamtia ndooni. Mama mtu nimemuingiza kwenye mwanzi wake, nikauziba kwa kitambaa apumzike."

Niligeuka kumtazama Anuari nimfikishie. Hakukuwa na haja. Begi lilishaanguka, nyundo ikatoka ikabingirika hadi miguuni kwangu. Halafu, wallahi, yule kijana ambaye sijawahi kumsikia akimkemea hata kuku, akapaza sauti moja kwa moja kwa mama mkwe wake:

"Mama! Mtawaua watoto!"

Akaingia. Ndani, huku mama mkwe yumo!

Chai ilinimwagikia na sikuisikia. Jirani yetu Dafrosa, aliyekuwa anapepeta choroko, akaacha ungo hewani. Niliingia nyuma ya Anuari nikitarajia dunia imepasuka, nikamkuta dada amesimama kaugeukia ukuta, khanga kaivutia usoni, anahema.

"Kaniita," akanong'ona. "Hasani, mkwe kanipigia kelele."

Anuari hakumsikia. Alikuwa amezama tankini hadi kwapani. Alichomoa kitambaa, na jike akatoka kama risasi. Kishada kilikuwa kimevunjika, mayai yametapakaa mchangani. Alimrudisha dume, naye akakimbilia nyuma ya kigogo kilichokuwa humo tankini, hataki tena kusikia habari za mwanzi. Basi Anuari akayaokota mayai kwa kijiko, akayatia kwenye lile lile chujio la chai, akalining'iniza juu ya mapovu ya pampu ili hewa iyatikise.

Ndipo umeme ukakatika.

Mapovu yakaisha. Anuari akachukua kikombe, akachota maji, akayamimina polepole juu ya chujio. Akachota, akamimina. Mkono ukachoka, akahamishia kikombe mkono wa pili. Siku nzima alikuwa ameinua vyuma.

"Hasani," dada akasema ukutani, "muulize, yakikosa kupepewa yanakufa kweli?"

"Anauliza..."

"Mwambie ndiyo, mjomba."

"Anasema ndiyo."

"Muulize mimi nikimimina, yataona tofauti?"

Sikupata hata kufungua mdomo. "Hayataona, mama," Anuari akajibu. "Ila msimimine kwa kasi."

"Mikono hii imepokea watoto wa watu, unifundishe kasi?"

Huku bado kampa mgongo, dada akarudi kinyumenyume hadi kwenye tanki, akanyoosha mkono pembeni, na kijana akamwekea kikombe mkononi. Wakapokezana hivyo, migongo imetazamana. Mimi nimesimama katikati, sina kazi, kama simu iliyokosa mtandao.

Umeme ulirudi wakati wa adhana ya alfajiri. Mayai mengine yaligeuka meupe, na dada akawa anayatoa moja moja kwa unyoya wa kuku, bila kutumwa. Alihama kabisa kutoka jikoni. Rukaiya aliporudi kutoka Mtua akamkuta mama yake kapiga magoti mbele ya chujio, akasahau kuutua mzigo kichwani.

Siku yai la kwanza lilipopasuka, kikatoka kitu chembamba kama uzi wenye mfuko wa njano tumboni, kikabandika mdomo kwenye wavu. Anuari alikuwa uani.

"Anuari! Njoo! Kimenyonya chuma!"

Uso kwa uso. Jina lake, mchana kweupe, mbele ya Dafrosa! Na kijana akaja, wakainama pamoja vichwa vikikaribia kugusana, wakaanza kubishana kama baba mtu arudishiwe watoto wake au bado.

"Bado hana adabu," dada akasema.

"Mama, ndiye mlezi."

"Alikimbia! Nilichungulia kwenye khanga, niliona mimi."

Nikasogea, nikauliza kwa heshima kama kuna neno lolote la kufikisha. Dada hakugeuka hata kunitazama. Akanituma mchicha wa watoto.