Jirani wa Nyota Yangu

Kwa miaka mingi nilikana kwamba niliichagua fizikia ya nyota ili kuikimbia kahawa. Nilipoulizwa, nilisema nililipenda anga tangu utotoni. Ukweli ni kwamba nilikulia Mbozi nikichuma na kuanika buni, nikaapa kutafuta kazi ambayo mama hawezi kuifikia. Nyota zilikuwa mbali vya kutosha.

Siku ya kwanza kazini, chuo kikuu, nilitarajia darubini. Mkuu wa Idara, mzee mwenye sauti ya mchungaji, alinikalisha mbele ya kompyuta yenye picha ya vidoa vyeupe.

"Hiki ni chako," alisema, akigusa kimoja. "Utapima mwanga wake. Lakini nyota haipimwi peke yake, binti. Inapimwa kwa jirani aliyetulia."

Kazi yenyewe ndiyo hiyo. Wingu jembamba likipita, nyota zote hufifia pamoja. Ukiilinganisha yako na jirani asiyebadilika, utajua kama imebadilika kweli. Ninyi mnaoanza sasa mna kamera pana na majirani tele. Picha zetu zilikuwa finyu, na jirani wa kufaa alikuwa mmoja tu.

Nilihamia kituo cha darubini kusini mwa bara, nikarudi chuoni, nikaenda tena. Nikiwa huku, natamani kule. Kitu pekee nilichodumu nacho ni kile kidoa, ambacho mwaka hadi mwaka kilionekana kufifia. Nilikiandikia makala, nikapandishwa cheo kwa ajili yake. Mkuu wa Kituo, mama mkali ambaye chai yake ilipoa kila siku, aliniuliza mara moja tu, "Na jirani umemchunguza?"

"Huyo hana neno, Mkuu."

"Wanaosemwa hivyo ndio wa kuangaliwa."

Tukacheka, nikaendelea kupima.

Mwaka huu nimestaafu mapema, nikaja Chapwa, mpakani, kwa shangazi yangu, muuza mchele mwenye wateja hadi upande wa Zambia. Sijamaliza kufungua mabegi, Mkuu wa Kituo akaniandikia: kamera mpya imefika, atazipima upya nyota zote mbili. Nikashindwa kula. Kama aliyekuwa akibadilika ni jirani, basi kazi yangu yote ilikuwa kumsingizia asiyehusika. Nilitembea hadi kwenye foleni ya malori, nikarudi. Nikafagia uwanja uliokwishafagiliwa.

"Mwanangu, kaa chini, unanitishia kuku," shangazi alisema. "Hiyo nyota ina nini?"

"Labda haina kitu, shangazi. Labda mwenye kitu ni jirani yake."

"Sasa ya majirani yanakunyimaje ugali?"

Simu yangu ikaita. Akaidaka yeye, akidhani ni mteja wa Zambia, akamsalimu kwa lugha ya huko. "Mulishani!" Akasikiliza, akanipa. "Wa kwako huyu. Hata hataki mchele."

"Umekaa?" aliuliza Mkuu wa Kituo.

"Sijakaa wiki nzima."

"Nyota yako imetulia. Haikuwahi kufifia. Jirani ndiye anayeongezeka mwanga, polepole, miaka yote hiyo."

Nikakaa chini. Shangazi akanikazia macho, mkono kifuani, kama anayesubiri kutajiwa marehemu.

"Makala zako tutazisahihisha," aliendelea. "Lakini huyu jirani, hakuna mwingine mwenye vipimo vyake vya muda mrefu hivyo. Kila ulipopima yako, ulimpima na yeye. Nimkabidhi kijana mmoja hapa, au unasemaje?"

"Usimkabidhi mtu," nilisema. "Nitumie picha. Zote."